Zamu ya Bwana Ngisi

Wazir aliibana simu sikioni, akaziba sikio la pili kwa kiganja, akausikiliza ule ujumbe wa sauti kwa mara ya nne.

"Huu-waa," ilisema simu. Kikapita kimya kifupi, kama mtu anayevuta pumzi. "Huu-waa."

Alikuwa amesimama ghorofa ya pili chini ya ardhi, kwenye maegesho ya hoteli moja ya Alexandria, Marekani, na ufunguo wa gari la mgeni ulikuwa bado unaning'inia kidoleni. Redio ya mkononi ilimwita mara mbili kutoka juu. Hakuitika. Baada ya sauti ile ya mzee ilifuata ya binti, ikienda mbio kama aliyeogopa kukatizwa.

"Ami Wazir, shikamoo, ni Nadra. Nadra wa Yasir, Herndon. Sorry, najua ni long time. Baba alipata stroke mwezi wa pili. Haongei tena, ami. Ana hiyo sauti moja tu, anaitoa kila siku baada ya lunch, mpaka machozi yanamtoka. Therapist anasema haina maana, ni noise tu. Lakini mimi nakumbuka mlikuwa mnafanya sauti, wewe na yeye, kwenye kitchen yetu. Wewe ulikuwa unaongea ndani ya sufuria. Kama unajua anataka nini, please, tuambie."

Wazir alijua. Alijua tangu mara ya kwanza, kabla hata binti hajajitambulisha, akaegemea nguzo iliyokuwa karibu. Halafu akaona ni nguzo gani, akajitoa upesi.

Yasir alikuwa akimwita.

*

Miaka ya tisini mwanzoni, pale Ngamiani mjini Tanga, palikuwa na kibanda cha video chenye mabati juu, magunia ubavuni na mabenchi yaliyotoboa suruali za watu wengi wa heshima. Mwenye kibanda alikuwa na kanda kumi na moja za Kijapani alizozipata kwa baharia, zote za roboti. Roboti mrefu kuliko minara, anayepigana na madubwana ya mpira katikati ya miji iliyojengwa kwa maboksi. Hapakuwa na mtu aliyeelewa neno hata moja. Ndipo akawaweka vijana wawili, Wazir na Yasir, kando ya televisheni, na kipaza sauti kimoja, wawafasirie watu.

Wafasirie nini, na wao Kijapani wanakijua? Basi walitunga. Wazir akawa roboti, akampa jina la Jemedari Chuma, na sauti yake aliitoa kwa kusema ndani ya debe tupu la mafuta ya kula. Yasir akawa waliobaki wote: profesa, mke wa profesa, waziri mkuu, askari wanaokimbia, na juu ya yote, dubwana. Dubwana aliitwa Bwana Ngisi. Awe na mbawa, awe na pembe, awe na mkia wa mamba, kwa watu wa Ngamiani alikuwa Bwana Ngisi yule yule, ndugu yake, au shemeji yake aliyekuja kulipiza.

Na ilikuwa raha. Zipu ilionekana waziwazi kwenye mgongo wa Ngisi, na Yasir hakuificha. "Msinicheke," alisema Ngisi, "fundi wangu ni wa Barabara ya Nane, kanishonea kwa haraka." Ndege za vita zikipita zinaning'inia kwenye mshipi wa kuvulia, Yasir alisema ni ndege za kisasa, zinaanikwa. Ngisi akikanyaga kituo cha umeme, ni kwa sababu wamemkatia umeme na futari iko jikoni. Watu walicheka hadi mabenchi yakaanguka. Ukweli ni kwamba walikuja kumsikiliza Ngisi. Lakini waliyempigia mbinja ni Chuma, kwa sababu Chuma ndiye mshindi, na mshindi ana mashabiki hata akiwa hana maneno.

Kabla ya pambano la mwisho kulikuwa na desturi. Ngisi alijificha nyuma ya mlima wa karatasi, akaita. Huu-waa. Akaita tena. Kibanda kizima kilinyamaza, hata wauza karanga. Alipoita mara ya tatu, Yasir aligeuka kumtazama Wazir, akangoja. Na debe likajibu: "Nipo, Ngisi! Nilikuwa natiwa oili!"

Hapo mabati yalitetemeka. Kisha ngumi, cheche, moshi, Ngisi chali, na mguu wa Chuma juu ya kifua chake. Kila kanda, kila siku, hivyo hivyo.

"Siku moja tu, Wazir," Yasir alimwambia wakati mmoja, wakifunga kibanda. "Mwache Ngisi ashinde. Maneno nitayatafuta mimi."

"Picha yenyewe haikubali. Watu wanamwona anaanguka."

"Wanamwona. Mimi nitasema amelala, amechoka na nyinyi. Kwani wewe Kijapani unakijua?"

Wazir alicheka, akasema watu watavunja kibanda. Lakini sababu haikuwa kibanda. Alipenda kupigiwa mbinja.

*

Yasir ndiye aliyetangulia Marekani. Wazir alipofika, alipokelewa na Yasir na mkewe Zainab kwenye nyumba yao ya vyumba viwili mtaa wa West End, akalala sebuleni kwao miaka miwili, akala kwao, akatafutiwa kazi pale pale Yasir alipokuwa akiegesha magari ya wageni. Nadra alikuwa mtoto. Jumapili waliweka sufuria na mwiko jikoni, wakamfanyia Chuma na Ngisi, na Zainab akawakemea kwa kumharibia mtoto usingizi wa mchana.

Kazini kila mwegeshaji alikuwa na namba. Yasir tisa, Wazir kumi na nne. Ukishusha gari chini, unaandika namba yako kwenye tiketi inayofungwa na ufunguo, ili ijulikane nani alilishika. Ijumaa mchana ilikuwa shida, maana msikiti uko mbali na msimamizi hakutaka kusikia habari za ruhusa. Wakabuni njia yao. Ijumaa hii anakwenda mmoja, Ijumaa ijayo mwenziwe, na anayebaki anaegesha kwa nguvu za wawili, nusu ya tiketi anaandika namba yake, nusu namba ya aliyekwenda kuswali. Wapishi wa Kihabeshi walijua, walinzi walijua. Haikuwahi kuleta neno miaka mitano.

Mpaka Ijumaa moja ya mvua. Yasir yuko msikitini, magari yamejaa mlangoni, na Wazir anashuka na gari jipya la kijivu la mgeni wa harusi. Alikata kona mapema. Nguzo ya B7 ikalichana ubavu kuanzia mlango wa mbele hadi taa ya nyuma, kwa sauti ambayo hajapata kuisahau. Kwenye tiketi, kwa mwandiko wake mwenyewe, alikuwa ameandika tisa.

Msimamizi aliwaita wote ofisini saa tisa. Yasir alikuwa ndiyo kwanza amerudi, kofia ya kiua imekunjwa mfukoni, viatu vimeloa.

"Namba tisa ni nani?"

Yasir aligeuza uso akamtazama Wazir. Hakumtazama kwa hasira. Alimtazama kama pale kibandani, mwito wa tatu umekwisha, debe ndilo linalongojwa.

Wazir alitazama kamba za viatu vyake.

Aliogopa, na hapana neno zuri zaidi la kuweka hapo. Makaratasi yake ya uraia yalikuwa bado yako njiani, na alijiona anakosa kazi, anakosa barua ya mwajiri, anarudishwa. Yote yalimpitia kwa wakati mmoja, akajikausha. Yasir angeweza kusema mimi sikuwepo, nilikuwa nikiswali, ulizeni nani kaandika. Wangefukuzwa wote wawili. Alisubiri kidogo zaidi ya mtu yeyote anavyostahili kusubirishwa, kisha akasema, "Ni mimi," akavua beji, akaiweka mezani.

Miaka kumi na miwili imepita. Yasir alihamia Herndon, akawa anaendesha teksi za uwanja wa ndege. Mwanzo Wazir alijiambia atakwenda wiki ijayo. Halafu Idi. Halafu ikawa aibu ya kuchelewa ni kubwa kuliko ile ya kosa, na mtu akifika hapo hujificha hata kwenye arusi za watu. Uraia aliupata. Aliapa akiwa amenyoosha mkono, na siku hiyo hakuwa na mtu wa kumpigia simu.

Jambo moja lakini alilifanya, na hakuna aliyelijua. Siku ambazo ghorofa ya chini kabisa ilikuwa haina mtu, alisimama katikati ya nguzo, akaweka mikono mdomoni na kusema kwa sauti ya Chuma: "Nipo." Zege lilikuwa debe bora kuliko debe. Sauti ilizunguka nguzo zote ikarudi. Kisha akapanda juu kuchukua gari lingine.

*

Siku ile simu ilipoingia ilikuwa Ijumaa pia, saa sita unusu. Gahungu, Mrundi mwenye shingo nene waliyekuwa naye zamu moja, alishuka kumtafuta.

"Mzee Wazir, bosi anaita kwenye redio mpaka anachoka. Uko mgonjwa?"

"Naondoka, Gahungu. Ninakwenda Herndon."

"Enda tu. Siku hizi ni rahisi, nitaandika namba yako kwenye nusu ya matiketi. Haina shida."

Gahungu alisema kwa wema. Desturi ile haikufa. Waliokuja nyuma waliirithi bila kujua imemla nani. Wazir alimshika bega.

"Usiandike namba yangu. Hata moja. Mwambie bosi kumi na nne ameondoka, na ameondoka bila ruhusa."

"Atakukatia siku."

"Akate."

Aliendesha kigari chake kilichochoka, yeye ambaye mchana kutwa hushika usukani wa magari ya watu wengine. Kwenye barabara kuu alijaribu kupanga maneno. Nilikosa, ndugu yangu. Hapana. Shetani alinipitia. Uongo, shetani hakuwemo ndani ya gari lile. Alipofika Herndon alikuwa hana neno hata moja mkononi.

Aliyefungua mlango ni Zainab. Amekonda, na mtandio wake ulikuwa wa kijani kama alivyoupenda siku zote. Alimwangalia Wazir kuanzia sare ya kazi hadi viatu.

"Miaka kumi na miwili, shemeji," alisema. "Karibu. Umekula?"

"Shemeji, kabla sijaingia, kuna neno."

"Neno halikai mlangoni. Ingia."

Yasir alikuwa kwenye kiti cha magurudumu karibu na dirisha, blanketi magotini. Upande wake wa kulia ulikuwa umelala wote, mkono, mguu, hata shavu. Yasir ambaye Wazir alimkumbuka alikuwa na mdomo usiofunga. Huyu alikuwa na mdomo uliopinda, na kitambaa cha kufutia. Nadra alikuwa amepiga magoti akimvisha soksi nyeusi. Alikuwa mtu mzima sasa, ana macho ya baba yake.

Yasir alimwona. Hakutabasamu, hakugeuka. Alimtazama tu, na Wazir akajua mtazamo ule, maana amelala nao miaka kumi na miwili.

"Baba, look who's here," alisema Nadra. "Ami Wazir."

Wazir alibaki amesimama katikati ya zulia. "Shemeji Zainab," alisema. "Ile gari. Ile iliyomfukuzisha kazi Yasir. Hakuigonga yeye. Ni mimi. Yeye alikuwa msikitini na mimi nikaandika namba yake, na nilipoulizwa nikanyamaza."

Nadra aliachia soksi. "What?"

Zainab alikunja taulo iliyokuwa tayari imekunjwa. "Ijumaa ile nilikuwa naye msikitini, Wazir. Tulikwenda pamoja, ndani ya mvua. Nilijua tangu alipoingia nyumbani bila beji. Nilimwuliza, kwa nini hukusema? Akaniambia, nilikuwa namngoja Wazir aseme." Aliiweka taulo. "Na mimi nikangoja naye. Kila Idi niliweka sahani moja zaidi. Mwaka wa saba nikaacha."

Wazir alitaka alaaniwe, afukuzwe, apigwe hata kwa taulo hiyo. Sahani ya Idi ilimwuma kuliko matusi yote aliyokuwa amejiandalia njiani. Alilia, na hakujifuta.

"Huu-waa," alisema Yasir.

Wote waligeuka. Ilikuwa saa nane kasoro, saa yake ya kila siku. Ilitoka kifuani, kavu, mkono wa kushoto umeshika ukingo wa kiti.

"Ndiyo hiyo," alinong'ona Nadra. "Anataka nini, ami? Maji? Anaumwa?"

"Hapana, mama. Ananiita." Wazir alifuta pua kwa mkono wa sare. "Jengo hili lina parking ya chini?"

"Ipo. P1. Why?"

"Debe sina."

*

Walishuka kwa lifti, Zainab amebaki juu. Maegesho yalikuwa karibu matupu, watu wako makazini. Mabomba yanapita darini, mistari myeupe sakafuni, harufu ile ile ya raba na unyevu aliyoijua Wazir kuliko harufu ya nyumba yake. Nadra alikisimamisha kiti kwenye nafasi tupu, akafunga breki, akarudi nyuma hadi mlango wa lifti. Wazir alikwenda umbali wa nguzo tatu. Kila hatua ilijirudia.

Akangoja.

Yasir alitazama dari, akatazama nguzo. Kitu fulani kikapita usoni mwake, upande ule uliobaki hai.

"Huu-waa," aliita. Zege likaichukua sauti ikawa kubwa, ikawa ya dubwana kweli, na Nadra akashika mdomo. "Huu-waa." Gari moja huko mbali lilitoa mlio na kunyamaza. Yasir alivuta pumzi ndefu, mshipa wa shingo ukasimama.

"Huu-waa."

Na akageuza uso, akamtazama Wazir.

Wazir aliweka mikono mdomoni. Amelifanya hili mara mia peke yake. "Nipo, Ngisi," alisema, na ikatoka ndogo, ya mzee wa miaka hamsini na saba. Alijaribu tena, kutoka tumboni. "Nipo, Ngisi! Nimechelewa!"

Zege likarudisha: chelewa, chelewa.

Yasir alitoa sauti ambayo haikuwa mwito. Huenda kilikuwa kicheko. Huenda hakikuwa. Wazir alimwendea kwa mwendo wa Chuma, magoti yamekakamaa, mikono imekunjwa pembeni, bati bati bati, mzee mwenye sare ya hoteli katikati ya maegesho ya watu, na kwa sauti ile ile ya debe, kwa kuwa kwa sauti yake mwenyewe asingeweza, alisema, "Gari niligonga mimi, Ngisi! Nikaandika tisa! Nikaangalia viatu!"

Viatu, viatu, lilisema zege.

Sasa kwa desturi ilikuwa zamu ya ngumi. Cheche, moshi, na Ngisi chali. Wazir alinyanyua mkono wa kulia juu, kama kanda zote kumi na moja zilivyotaka. Aliushikilia hapo. Yasir hakupepesa macho. Alikuwa ameshaanguka mara nyingi, alijua inavyokwenda.

Wazir aliushusha mkono, akajishika kifua. Akayumba. Akatoa mlio wa mitambo inayoharibika, krii, krii, waliokuwa wakiutengeneza kwa kijiko na bati. Kisha akapiga goti moja, taratibu, maana goti lilikuwa na yabisi, na la pili, akajilaza chali sakafuni mbele ya kiti, juu ya doa la mafuta ya gari la mtu, miguu imenyooka, Jemedari Chuma ameanguka kwa mara ya kwanza tangu atoke Japani.

Baridi ya zege ikapenya sare. Alitazama mabomba darini. Alisikia Nadra akianza kusema kitu na kuacha. Alisikia breki ya kiti ikifunguliwa kwa mkono mmoja, ikigoma, ikifunguka. Magurudumu yakasogea, yakagusa mbavu zake, yakasimama.

"Ngisi," alisema Wazir, sasa kwa sauti yake ya kawaida. "Maneno yatafute wewe."

Palikuwa na pumzi tu, nzito, juu yake. Aligeuza macho akauona mguu wa kushoto wa Yasir, ule mzima, ukitoka kwenye kikanyagio, na soksi nyeusi iliyovaliwa nusu. Ukanyanyuka kidogo kidogo. Ukafika juu ya kifua chake, ukasimama hapo hewani, ukitetemeka.